Gelato ya Firenze: Soma Kabati Kabla Hujalamba

Mjini Firenze (Florence), Italia, kutoka kanisa kuu la Duomo hadi daraja la Ponte Vecchio ni kama dakika kumi kwa miguu, na njia nzima utakutana na kabati za gelato, aiskrimu ya Kiitaliano, moja baada ya nyingine. Nyingi zinafanana: vilima vya rangi vilivyochongwa kama mawimbi, juu yake vimechomekwa vipande vya nanasi, biskuti na chokoleti. Mgeni husimama hapo. Mwenyeji wa Firenze hupita bila kugeuza shingo. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na katika biashara hii methali hiyo ina sababu unazoweza kuzipima kwa asilimia.

Gelato ni maziwa, sukari na hewa. Mashine ya kugandishia, mantecatore, huuzungusha mchanganyiko huku ikiupoza, na hewa huingia humo. Gelato iliyotengenezwa vizuri huongezeka ujazo kwa asilimia 20 hadi 35 hivi. Aiskrimu ya kiwandani inaweza kukaribia kuongezeka maradufu. Mafuta ya maziwa katika gelato ni kidogo, kwa kawaida asilimia 4 hadi 9, na huuzwa ikiwa na baridi ya nyuzi 12 hadi 14 chini ya sifuri, si 18 kama friza ya nyumbani. Kitu cha namna hiyo ni laini. Hakiwezi kusimama sentimita 20 juu ya ukingo wa chombo chake mchana wa Julai. Ili kisimame, lazima kitiwe hewa zaidi, mafuta magumu ya mimea badala ya malai, na unga wa kushikiza kwa wingi. Isitoshe, sehemu iliyopanda juu ya ukingo imetoka nje ya baridi ya kabati: huyeyuka kidogo, ikaganda tena, ikayeyuka tena, na kila mara chembe za barafu ndani yake zinanenepa. Basi kilima si pambo. Ni mapishi yaliyoanikwa hadharani.

Baada ya umbo, tazama rangi, na anza na pista (pistachio). Pista ikisagwa na kuchanganywa na maziwa hutoa kijani kilichofifia kinachoelekea kahawia, karibu na rangi ya choroko zilizochemshwa. Ukiona kijani cha bendera, kuna rangi iliyotiwa kutoka kwenye chupa, na mara nyingi nyuma ya rangi kuna lozi au karanga zilizokuja kuziba pengo la pista. Sababu ni hesabu tu: kilo moja ya mchanganyiko inataka gramu 80 hadi 120 za pista iliyosagwa, na pista safi ni miongoni mwa vitu vya bei ya juu kabisa jikoni mwa fundi wa gelato. Ndiyo maana baadhi ya maduka mazuri huongeza bei kidogo kwa ladha hiyo. Usikasirike, hiyo ni dalili njema. Kuhusu jina la Bronte, mji unaosifika kwa pista ulio kwenye miteremko ya mlima Etna huko Sicilia, ukumbuke kwamba miti yake huvunwa mwaka mmoja na kupumzishwa mwaka unaofuata. Mavuno ni machache, majina ya Bronte kwenye vibao ni mengi. Pista ya Iran iliyosagwa peke yake inaishinda kwa mbali "Bronte" iliyochanganywa na lozi.

Ndizi nayo ni shahidi mzuri. Aliyewahi kuponda ndizi mbivu anajua inavyogeuka kijivu baada ya muda. Gelato ya ndizi yenye manjano ya ganda haikutoka kwenye ndizi peke yake. Limau ni nyeupe, mnanaa nao ni mweupe au una kijani hafifu sana, na stroberi huwa waridi wa matunda yaliyopondwa wala si waridi wa rangi ya kucha.

Kuna maduka ambayo hayana cha kutazama kabisa. Gelato yao imo ndani ya pozzetti, visima vya chuma cha pua vilivyozama kwenye kaunta na kufunikwa kwa vifuniko. Humo baridi haipandi wala kushuka, mwanga haufiki, hewa haikaushi uso. Kwa gelato hakuna nyumba bora kuliko hiyo, na mteja hununua kwa kusoma majina ukutani. Lakini siku hizi pozzetti zimekuwa fasheni, na kifuniko husitiri kizuri na kibaya sawasawa. Vivyo hivyo kabati la kioo si dhambi: chombo bapa kilichojaa hadi ukingoni tu, uso laini unaong'aa kidogo, kingo zisizokauka wala kuwa na theluji, hiyo ni kazi safi.

Neno "artigianale", yaani kazi ya fundi, lisikuchukue mzimamzima. Halikatazi duka kufungua mfuko wa unga uliochanganywa kiwandani, kuutia maziwa, kuuzungusha kwenye mashine yake na kubandika neno hilo mlangoni. "Produzione propria" humaanisha wametengeneza wenyewe, lakini haisemi wametengeneza kwa kutumia nini. Linalosema ni karatasi ya viambato, ambayo kila duka linapaswa kuwa nayo mahali mteja anaweza kuisoma, pamoja na orodha ya vitu 14 vinavyoleta mzio kwa mujibu wa sheria za Umoja wa Ulaya. Iulize bila haya: "Posso vedere gli ingredienti?" Viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi. Ukikuta grassi vegetali (mafuta ya mimea) au olio di cocco (mafuta ya nazi) ndani ya ladha ya maziwa, ujue malai yamepunguzwa. Coloranti ni rangi. Aromi ni harufu za kuongeza, na karibu na neno fragola, yaani stroberi, zinaeleza kwa nini stroberi inapatikana Desemba. Kwa upande mwingine, E410 na E412 zisikutishe: ni unga wa mbegu za mkarobu na wa guar, na hata mafundi wakali kabisa huutumia, gramu 3 hadi 5 kwa kilo, ili maji yasigande vipande vikubwa. Wakati mwingine utaonyeshwa karatasi moja iliyokusanya ladha zote kwa mafungu. Hapo taja ladha unayoitaka na uulize hiyo peke yake.

Wanaoangalia halali waulize mambo matatu zaidi. Kwanza pombe: ladha ya malaga huwa na zabibu kavu zilizolowekwa kwenye ramu, zabaione ina mvinyo wa Marsala, na zuppa inglese kiasili ina alchermes, kileo chekundu ambacho Firenze inakionea fahari. Pili jelatini, ambayo si ya lazima kwenye gelato lakini huweza kuwamo katika ladha za vitindamlo kama panna cotta, na nchini Italia mara nyingi hutokana na nguruwe. Tatu E471, kiungo cha kushikamanisha mafuta na maji, ambacho mafuta yake yanaweza kuwa ya mimea au ya mnyama. Muuzaji anayejua kazi yake atakuambia ipi. Maswali yenyewe ni mafupi: "C'è alcol?" na "C'è gelatina?" Kumbuka pia mwiko wa kuchotea. Gelato haichotwi kwa kijiko cha duara, huchotwa na kusingwa kwa mwiko bapa, na mwiko mmoja unaweza kutoka kwenye malaga ukaingia kwenye chokoleti. Omba uoshwe, au omba mwingine. Hawakatai.

Sasa kuonja. Usianze na ladha yenye majina matano na mchuzi juu. Anza na fior di latte, ambayo ni maziwa, malai na sukari, haina yai wala vanila. Mapishi ya kawaida kwa kilo moja ni kama hivi: maziwa gramu 620, malai 160, sukari za aina mbili au tatu jumla 180, maziwa ya unga 35, unga wa kushikiza 5. Huchemshwa hadi nyuzi 85, hupozwa haraka hadi 4, hulazwa saa kadhaa au usiku kucha ili unga unywe maji, ndipo huingia kwenye mashine. Ladha hii haina pa kujificha, na kila kosa lina alama yake ulimini.

Ukisikia mchanga mwororo, kama unga wa sukari usioyeyuka, ni sukari ya maziwa iliyojitenga ikawa chembe: maziwa ya unga yamezidi, au gelato imekaa siku nyingi. Ukitafuna vipande vya barafu, mchanganyiko ulikuwa na maji mengi mno, au kabati limekuwa likipoa na kupata joto. Ikinata na kuvutika kama ubani, unga wa kushikiza umezidi. Pitisha ulimi kwenye kaakaa baada ya kumeza: utando unaobaki kama wa mshumaa ni mafuta ya mimea magumu, kwa sababu malai huyeyuka kwenye joto la mdomo na mafuta hayo huchelewa. Na ukimaliza kikombe kidogo ukawa na kiu kama uliyekula chumvi, sukari ilikuwa nyingi kuliko maziwa yalivyoweza kubeba. Jaribio la mwisho halihitaji ulimi hata kidogo: bakiza gelato ya kijiko kimoja ndani ya kikombe, subiri dakika tano hadi kumi. Gelato nzuri hugeuka maziwa mazito. Ile ya hewa hubaki povu lenye umbo lake, kama sabuni.

Baada ya fior di latte, chukua ladha moja ya kokwa, pista au nocciola (hazelnut), ili ujue kama duka linanunua vitu vya maana. Ya tatu iwe tunda la msimu. Stroberi ni za Aprili hadi Juni, pichi na aprikoti ni za kiangazi, tini ni za Agosti na Septemba, na vuli ikiingia tafuta njugu za chestnut. Ubao wenye ladha 50 zilezile mwaka mzima unakuambia kwamba matunda yanatoka kwenye ndoo. Ubao wa ladha 20, mbili kati yake zimefutwa kwa chaki kwa sababu zimekwisha, ndio wa kuutafuta. Kula kwa mpangilio: maziwa, kokwa, chokoleti, kisha limau mwishoni, maana limau likitangulia huua kila kitu kinachofuata. Maduka matatu kwa siku, ladha mbili kila duka, maji katikati. Ukizidisha hapo ulimi umekufa ganzi na hukumu yako haina thamani.

Majina sasa, ingawa orodha za majina huchakaa upesi: fundi huondoka, duka huuzwa, jina linabaki mlangoni. Kabla ya kutafuta lolote, jifunze namba za Firenze, maana zimepoteza wageni wengi. Nyumba za kuishi zina namba zao nyeusi au buluu, biashara zina namba zake nyekundu, na hesabu hizo mbili haziendi pamoja. Namba 19r, hiyo "r" ikiwa ni rosso, nyekundu, inaweza kuwa mbali kabisa na 19 ya kawaida katika barabara hiyohiyo. Ukiandika anwani kwenye simu bila "r", simu itakupeleka kwenye mlango wa mtu.

Perché no!, via dei Tavolini 19r, imekuwepo tangu 1939, hatua chache kutoka via dei Calzaiuoli, barabara iliyojaa watalii kuliko zote. Inatosha kuvunja kanuni ya wavivu isemayo kwamba katikati ya mji hakuna kizuri. Kipo, ila kimejibanza kwenye kona. Upande wa Santa Croce kuna Vivoli, kwenye kijia cha via Isola delle Stinche, duka la tangu zama za kabla ya vita kuu ya pili. Hapo usiombe koni. Hawana, wanatoa vikombe tu, na ladha yao ya wali, riso, ina punje laini zilizopikwa kwenye maziwa. Mtu aliyekulia wali wa maziwa ataielewa upesi kuliko mtalii wa Ulaya. Miaka ya karibuni affogato yao, kahawa inayomiminwa kwenye kikombe kilichosilibwa gelato, imevuma mitandaoni na kuvuta foleni ndefu, kwa hiyo nenda mapema.

Ukivuka mto Arno utakuta maduka mawili kwenye miguu ya madaraja mawili yanayofuatana, mwendo wa dakika tano kati yao. Kwenye Ponte Santa Trinita kuna Gelateria Santa Trinita, inayojulikana kwa ladha ya ufuta mweusi: rangi ya saruji mbichi, harufu ya ufuta uliokaangwa. Wasomaji wa Lindi na Mtwara wasiikose. Kwenye Ponte alla Carraia kuna La Carraia, inayopendwa na wanafunzi. Ukiendelea kuiacha mitaa ya watalii hadi piazza Tasso utafika La Sorbettiera, kibanda kidogo ambako saa za alasiri foleni ni ya akina mama na watoto waliotoka shule. Foleni ya namna hiyo ina uzito kuliko nyota za mtandaoni, kwa sababu watu hao walikuwepo hapo jana na watarudi kesho.

Badiani iko mbali, viale dei Mille, karibu na uwanja wa mpira wa Artemio Franchi, na ndiyo ya kwenda ikiwa unataka kuelewa ladha iitwayo Buontalenti. Duka lilianza 1932. Ladha imepewa jina la Bernardo Buontalenti, msanifu majengo wa ukoo wa Medici aliyefariki 1608, ambaye mapokeo ya mji humpa sifa ya kuandaa malai ya kugandishwa kwa karamu za watawala hao. Ni nzito, ina malai na mayai, haina tunda wala kokwa. Kikombe kidogo kinatosha, kikubwa kitakulaza.

Kuhusu fedha, kikombe au koni ndogo ya ladha mbili kwa kawaida ni kama yuro 3 hadi 4. Mtego mkubwa wa katikati ya mji ni koni isiyotajwa bei. Muuzaji mchangamfu anauliza "Large?" kwa Kiingereza, anajaza koni ya waffle ladha nne, na kwenye mashine inatokea yuro 10 au zaidi. Taja wewe kwanza, ukubwa kisha ladha, huku kidole kikiwa kwenye ubao wa bei: "Una coppetta piccola, fior di latte e pistacchio, per favore." Duka ambalo bei zake hazionekani kutoka kaunta, ondoka. Kwingine utaambiwa ulipe kwanza kwenye cassa, yaani dawati la malipo, upewe risiti, scontrino, ndipo uipeleke kaunta. Kukaa mezani huongeza bei, wakati mwingine mara mbili. Ukitaka kuonja sema "Posso assaggiare?", lakini ladha moja au mbili, anayeonja sita huku foleni ikimtazama anajitia aibu mwenyewe.

Angalia pia pa kulia. Mwaka 2018 manispaa ilipiga marufuku kusimama au kukaa na chakula kwenye vibaraza na milangoni mwa maduka katika via dei Neri na mitaa mitatu ya jirani, kuanzia saa sita mchana hadi saa tisa, na kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa nne usiku, kwa faini ya yuro 150 hadi 500. Amri za namna hii huja na kurudi. Soma vibao, tembea huku unakula, au vuka mto ukakae piazza Santo Spirito. Julai na Agosti, mawe ya mji yakiwa yamekunywa jua tangu asubuhi, koni inaanza kutiririka kabla hujafika kona ya pili. Chukua kikombe.

Saa nzuri ni kati ya saa tano asubuhi na saa sita, au saa tisa alasiri, kabla ya mafuriko ya usiku. Baada ya saa tatu usiku kila duka lenye jina lina foleni, na muuzaji hana nafasi ya kuisinga gelato kwa mwiko dhidi ya ukuta wa chombo kabla ya kuiweka kikombeni, kazi ya sekunde chache inayoilainisha. Kati ya Desemba na Februari baadhi ya maduka hufunga kwa wiki kadhaa au hupunguza ladha, kwa hiyo hakikisha kabla ya kupanda basi.

Mkiwa familia, acheni vikombe na muombe vaschetta, kasha la povu linalouzwa kwa uzani. "Mezzo chilo, tre gusti" ni nusu kilo ya ladha tatu, watu wanne wanashiba. Kwa kuwa mnapimiwa kwenye mizani, hewa hamuilipii. Angalieni tu kasha lenyewe lisipimwe pamoja na gelato, mfike nyumbani ndani ya nusu saa, na msiliache kwenye friza hadi kesho: baridi ya nyuzi 18 itaifanya iwe ngumu kama jiwe. Ikibidi, itoeni dakika kumi kabla ya kula, muivuruge kwa kijiko cha mbao.